Maji Meusi na Maji Meupe Kando ya Lindi

Natangaza kutoka hapa Bafwasende penye daraja la mto Lindi, nikisikika hadi Opienge, Panga na Bomili. 

Leo naanza na ugomvi wa pampu. Mnaujua. Mradi unakuja na gari lake, unachimba, unasimika pampu ya mkono, shefu anakata utepe, picha zinapigwa. Baada ya miezi michache akina mama wanashuka tena kijitoni na bido zao, wanaipita pampu bila hata kuitupia jicho. Mtu wa mradi anaandika katika ripoti yake kwamba wanakijiji hawajahamasishwa vya kutosha. Semina inaitishwa, watu wanakunywa soda, na kesho yake akina mama wanashuka kijitoni.

Mimi nawatetea akina mama. Wao wamefanya kipimo ambacho mtu wa mradi hakukifanya. Wamechemsha chai, ikatoka nyeusi ti na juu yake utando unaong'aa. Wamefua mashati meupe ya watoto wa shule, yakatoka na rangi ya kutu. Wameonja, ulimi ukasikia chuma. Mtu aliyeona hayo yote akaamua kurudi kijitoni hajakosa elimu. Amepima, akahukumu kwa alichopima. Tatizo ni kwamba hukumu yake ya pili, ile ya kwamba maji ya kijito ni salama kwa kuwa ni meupe na matamu, nayo ameitoa kwa jicho na ulimi tu, na hapo ndipo jicho humdanganya.

Hebu tuanze chini ya ardhi, kwenye pampu yenyewe. Kile chuma kinatoka wapi?

Maji ya chini katika nchi ya msitu kama yetu mara nyingi yana tindikali. Mvua hupita kwenye majani yanayooza, halafu kwenye udongo uliojaa mizizi na vijidudu vinavyopumua, na pumzi hiyo, yaani kaboni dioksidi, huyeyuka ndani ya maji na kuyafanya makali kidogo. Nchi yenye mawe mengi ya chokaa karibu na uso wa ardhi ingeyapoza makali hayo. Lakini udongo wetu mwekundu umeoshwa na mvua kwa muda mrefu kuliko akili inavyoweza kuhesabu, na chokaa yake ilikwisha kwenda zamani. Wataalamu hupima ukali huo kwa kipimo cha pH: saba ni katikati, na chini ya saba ni upande wa tindikali. Kisha mtu anachukua mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yale ya bei nafuu, anayazamisha ndani ya maji hayo, na kushangaa kwamba yanaliwa.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1994 mtaalamu mmoja, Otto Langenegger, alitoa utafiti wake kwa ajili ya mpango wa maji wa UNDP na Benki ya Dunia, kuhusu kutu katika pampu za mkono barani Afrika. Alionyesha kwamba mabomba ya chuma chenye zinki hayafai pale ambapo pH imeshuka chini ya 6.5. Weka plastiki ngumu, au chuma kisichoshika kutu. Tangu 1994, wapendwa! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana watoto wake, na bado kuna miradi inayosimika mabomba yaleyale, kisha inawalaumu akina mama.

Kipo pia kipimo rahisi ambacho kamati yoyote ya maji inaweza kukifanya bila mashine. Acheni pampu ilale usiku kucha bila kuguswa. Alfajiri jazeni chupa ya kwanza, kisha pigeni pampu kwa muda mrefu, mjaze chupa nyingine, ziwekwe pamoja juani. Ikiwa ile ya kwanza ni nyekundu na ya mwisho imetakata, chuma kinatoka kwenye mabomba, na dawa yake ni kubadilisha mabomba. Ikiwa zote mbili zinageuka nyekundu sawasawa, basi chuma kinatoka kwenye mwamba wenyewe, na hapo kubadilisha mabomba ni kutupa pesa: kinachotakiwa ni kuyapitisha maji hewani na kwenye mchanga yachujike kabla ya kunywewa. Magonjwa ni mawili na dalili ni moja. Nani amewahi kuyatofautisha hapa kwetu kabla ya kuandika kwamba watu hawajahamasishwa?

Na kuhusu mwamba, Lindi wetu una sifa ambayo wengi wetu hatuijui. Wanajiolojia wa dunia wanapozungumzia tabaka za kale za mawe zilizotandazwa kaskazini-mashariki mwa Kongo, huziita Lindian, kwa jina la mto huu huu tunaofulia nguo. Ni mchanga uliogeuka jiwe, ni matope yaliyogeuka mwamba, na mahali pengine ni mawe ya chokaa, vyote vyenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Mapango ya Mont Hoyo kule Ituri yamechongwa na maji ndani ya chokaa ya kundi hilo. Mambo haya yana maana kwa mchimba kisima. Katika jiwe gumu maji hayakai kila mahali, yanakaa kwenye nyufa, na pia kwenye ule mwamba uliooza juu yake ukawa nusu udongo. Ndiyo maana jirani anapata maji na wewe, hatua chache tu kutoka kwake, unapata vumbi. Hukurogwa. Umekosa ufa.

Kwenye chokaa mambo yanageuka. Huko maji hukimbia ndani ya matundu kama mto uliofunikwa, hayachujwi na kitu, na choo kilichochimbwa juu ya kilima kinaweza kutokea kwenye kisima cha bondeni baada ya muda mfupi sana. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema maji ya chini ya ardhi daima ni safi, muulize kwanza: chini ya ardhi gani?

Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Alan MacDonald wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza walikadiria kwamba bara la Afrika lina kilomita za ujazo zipatazo 660,000 za maji chini ya ardhi. Mwaka mmoja kabla yao, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu nchi yetu: tunashikilia zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya juu ya ardhi ya Afrika, na wakati huo ni asilimia 26 tu ya Wakongo waliokuwa wanapata maji salama ya kunywa. Soma tena takwimu hizo mbili ukiwa umeshika bido kichwani.

Sasa tushuke kijitoni.

Vijito vingi vya msituni kwetu ni vyeusi. Mgeni kutoka nchi za nyasi akiviona hushtuka, anadhani mtu amemwaga mafuta. Weusi huo ni wa majani: maji yanalala juu ya majani yaliyoanguka, kwenye kinamasi, chini ya miti ya limbali, yanafyonza rangi kama birika linavyofyonza majani ya chai. Ukiyateka kwenye glasi ni ya kahawia, unaona vidole upande wa pili. Si uchafu kwa maana ya kawaida. Maji hayo yana madini machache sana, karibu sawa na mvua yenyewe.

Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha ETH cha Zürich, pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya mwaka mzima wa kuchota maji ya mto Ruki pale Mbandaka. Walikuta kwamba Ruki ni miongoni mwa mito myeusi kuliko yote duniani: mabaki ya mimea yaliyoyeyuka ndani yake ni mara 4 ya yale ya mto Kongo wenyewe, na mara moja na nusu ya yale ya Rio Negro kule Brazil, ambao hata jina lake ni mto mweusi. Kabla yao wenzao wa vyuo vya Liège na Leuven, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kisangani, walisafiri kwa boti kati ya Kisangani na Kinshasa wakipima gesi zinazotoka majini, wakaona kwamba kinachoamua ni jinsi mto unavyoshikana na misitu iliyofurika maji kandokando yake. Na mnajua habari za mboji ya Cuvette Centrale, ile ardhi ya kinamasi iliyohifadhi kaboni tani bilioni 29 au 30 hivi, ambayo dunia iliisikia mwaka 2017. Katika kazi iliyoendelezwa upande wa Kongo yetu alikuwemo profesa wa Kisangani, Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea aliyeilinda hifadhi ya okapi pale Epulu wakati wa vita na kupewa tuzo ya Goldman mwaka 2005.

Kazi nzuri zote. Lakini zingatieni mahali zilipofanyika: mto mkubwa, bandari, penye boti na penye uwanja wa ndege. Sayansi ya maji ya Kongo imesafiri na mkondo mkuu. Kabla ya 1960 bonde zima lilikuwa na vituo vipatavyo 400 vya kupima kimo cha maji. Siku hizi vinavyofanya kazi vinatajwa kuwa 15 hivi. Kimo cha mto pale Kinshasa kinaandikwa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na dunia nzima hutumia daftari lile. Sisi wa huku juu, wenye vijito ambavyo mtu anavivuka kwa mti mmoja, ndiko maji yote hayo yanakoanzia, na ndiko tunakokunywa. Huku daftari hakuna.

Mtaniuliza, daftari la nini, wakati maji ni yaleyale ya babu zetu? Nitawajibu kwa kipindupindu.

Mwaka 2011 kipindupindu kilipiga Kisangani, kikashuka na mto, bandari baada ya bandari, mpaka Mbandaka, mpaka Kinshasa. Watu wa afya walifanya wanachofanya siku zote: klorini. Na klorini ni dawa nzuri. Ila maji meusi yana tabia moja ambayo kipeperushi hakiisemi. Yale mabaki ya majani yaliyoyeyuka hula klorini. Ukiweka kiasi kilekile unachoweka kwenye maji meupe, majani yanaila yote, kisha kijidudu cha kipindupindu kinabaki kinaogelea salama, na wewe unakunywa ukiwa na imani kamili. Kanuni ya wakati wa mlipuko ni kwamba baada ya dakika 30 lazima ibaki klorini ya miligramu 0.5 hivi katika kila lita, na hilo hulijui kwa kunusa. Unalijua kwa kupima, kwa kidonge na chupa ndogo inayogeuka rangi. Chuja kwanza, weka dawa, subiri, pima. Ikiwa hakuna kilichobaki, ongeza. Anayegawa klorini katika nchi ya maji meusi bila kupima amegawa harufu.

Na lile jicho letu lililoyaogopa maji meusi huyapenda maji meupe yanayoruka juu ya mawe. Lakini chembe ya kinyesi haina rangi. Kanuni ya maji ya kunywa ni kwamba katika mililita 100 isionekane hata E. coli mmoja, na E. coli wanaweza kuwa maelfu katika maji yanayong'aa kama kioo. Hata bila kinyesi, maporomoko safi yana wenyewe. Usubi, yule nzi mdogo mweusi anayebeba minyoo ya upofu wa mtoni, huweka watoto wake penye maji yanayokwenda kasi, yenye hewa nyingi. Maji machafu yaliyotuama hayataki. Mkoa wetu wa Tshopo unaujua ugonjwa huo vizuri. Kwa hiyo neno safi, likitoka kinywani mwa mtaalamu wa vijito, halina maana ileile likitoka kwa daktari wa macho.

Tanzania wamepata njia ya kupima vijito ambayo naipenda kwa kuwa haihitaji maabara. Inaitwa TARISS. Unaingia mtoni na wavu, unapindua mawe, unahesabu aina za wadudu wa majini. Kuna yule funza anayejijengea nyumba ya vijiti na chembe za mchanga: ana maringo, maji yakichafuka kidogo anatoweka. Kuna watoto wa kereng'ende. Kuna minyoo myekundu ambayo inavumilia kila uchafu. Kila aina ina alama yake, unajumlisha, mto unapata maksi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufundishwa. Kwa Kongo ingebidi alama zipangwe upya, maana wadudu wetu wa maji meusi hawafanani na wa Tanzania, na kijito chenye tindikali ya asili kinaweza kuonekana kigonjwa kumbe ndiyo afya yake. Hiyo ingekuwa kazi nzuri ya kumaliza masomo kwa kijana wa Chuo Kikuu cha Kisangani ambaye kwao ni huku.

Wadudu wananipeleka kwa wanyama, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu katika hili sisi ni matajiri bila kujua.

Kati ya 1909 na 1915 vijana wawili wa jumba la makumbusho la New York, Herbert Lang na James Chapin, walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo wakikusanya wanyama. Mwaka 1913 walipata pale Niapu, kaskazini yetu, mnyama wa jamii ya kanu. Lakini kanu gani huyu? Kanu wote tunaowajua wana madoa. Huyu ni mwekundu mwilini, mkia mweusi, na nyayo zake hazina manyoya kama za ndugu zake. Anakula samaki. Anaishi kando ya vijito vidogo vya msituni, vyenye maji ya kina kifupi, na dunia nzima hapatikani kwingine ila upande huu wa mto Kongo, kwetu. Alitangazwa rasmi mwaka 1919. Mwaka huohuo akatangazwa mamba mfupi wa msituni, naye kutoka Niapu kwa watu walewale. Wote wawili walipewa jina la Osborn, mkubwa wa jumba lile la makumbusho, ambaye mguu wake haukukanyaga vijito hivyo. Wakubwa ni wakubwa kila mahali.

Tangu wakati huo, kanu huyo mla samaki ameandikwa kidogo mno. Mwaka 1978 John Hart na Robert Timm walichapisha maelezo machache kuhusu maisha yake katika Ituri. Ngozi na mifupa iliyoko makumbusho haijazi chumba. Kuna simba ambao wamepewa majina na wana filamu zao. Huyu, ambaye ni wetu peke yetu, hatuna hata hesabu yake.

Mnakumbuka pia habari ya tausi? Ni nje kidogo ya mada, maana tausi si wa majini, lakini ilitokea jirani kabisa. Mwaka huohuo wa 1913, pale Avakubi kwenye mto Ituri, Chapin aliona unyoya asioufahamu kwenye kofia ya mwenyeji. Akauchukua. Ilimchukua hadi 1936, alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la Tervuren, Ubelgiji, wameandikwa kimakosa kuwa ni tausi wachanga wa kufugwa, ndipo akajua unyoya ule ulikuwa wa nani. Tausi wa Kongo. Miaka 23 sayansi ilikuwa inatafuta ndege ambaye mwenye kofia alikuwa anamjua na pengine anamla.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaowajua wanyama wa kijitoni kuliko kitabu chochote, na wengi wao ni wanawake. Wakati wa kiangazi kidogo, maji yakipungua, akina mama huziba kijito kwa matope na vijiti, wanayatoa maji kwa mabeseni na kuokota samaki, kaa na kamba waliobaki. Mama aliyefanya kazi hiyo tangu utotoni anajua kijito gani kimepoteza kaa, kipi kina ngolo wadogo kuliko zamani. Anamjua yule mnyama mwenye mkia bapa na masharubu magumu anayewinda usiku kwa kugusa, ambaye vitabu humwita Potamogale: akiingia kwenye mgono kufuata samaki hashindwi kuingia, hushindwa kutoka, akazama. Anamjua na yule paa mdogo asiye na pembe ambaye akikimbizwa na mbwa hajifichi kichakani, hujitosa mtoni na kuzama chini ya maji. Mambo haya yakiandikwa mwaka baada ya mwaka, kwa kijito na kwa mwezi, ni utafiti. Yasipoandikwa ni hadithi za jioni, na msimulizi akifariki yanazikwa naye.

Siku hizi kuna njia ya kumtafuta mnyama bila kumwona. Kila kiumbe kinachopita majini huacha chembe zake za DNA: ngozi, mate, kinyesi. Unachuja lita chache za maji, unahifadhi chujio, maabara inakusomea nani amepita. Kwa kanu anayetembea usiku kwenye kijito kisichofikika, njia hii ingefaa sana. Ila nisiwadanganye, katika maji ya joto yenye tindikali chembe hizo huharibika upesi, kwa hiyo mchujaji ajue kwamba kukosa si ushahidi wa kutokuwepo.

Sasa dhahabu. Nilijua mnaingojea.

Karyeri, yaani machimbo, ikifunguliwa kwenye kijito, kitu cha kwanza kubadilika ni rangi. Maji meusi yanakuwa mekundu mazito kama uji wa mtama uliomwagika, mwanga hauingii, matope yanafunika mawe, yule funza mwenye nyumba ya vijiti anakufa, kaa wanaondoka, na mwindaji anayetegemea kuona samaki hana kazi tena hapo. Chini kidogo, kwenye mito mikubwa kama Ituri unaokuwa Aruwimi, kuna dragi zinazonyonya mchanga wa chini ya mto. Haya ni ya macho. Ya pili hayaonekani: zebaki, ile ambayo wachimbaji huitumia kukamata chembe za dhahabu, kisha wanaichoma, mara nyingi palepale jikoni mtoto akiwa mgongoni. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2018 kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa kama asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu wanairusha hewani duniani, kuliko shughuli nyingine yoyote.

Zebaki ikiingia kwenye kinamasi ndipo hatari inapokua. Katika matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa aina nyingine inayoingia mwilini kirahisi na kutoka kwa shida. Inapanda ngazi: kijidudu, mdudu, samaki mdogo, samaki mkubwa, kanu, mtu. Kila ngazi inazidi iliyotangulia. Ndiyo sumu iliyowapiga wavuvi wa Minamata, Japani, iliyogunduliwa mwaka 1956, na ndiyo sababu mkataba wa kimataifa wa zebaki ulioanza kutumika Agosti 2017 ukapewa jina la mji huo. Kuchemsha hakuiondoi. Kukausha kwa moshi hakuiondoi.

Tena hata mchimbaji asiyetumia tone la zebaki hajatoka salama. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi kwenye mto Tapajós, Brazil, waligundua kwamba udongo mwekundu wa kale wa nchi za joto wenyewe una zebaki ya asili iliyolala humo karne nyingi, na msitu ukikatwa mvua inaubeba udongo huo mtoni. Na mwaka 2019, kwenye vijito vya mashariki mwa nchi yetu, Travis Drake na wenzake walipima umri wa kaboni iliyoyeyuka majini. Kijito chenye msitu wake kilibeba kaboni ya jana na juzi. Kijito kilichokatiwa msitu kilibeba kaboni ya zaidi ya miaka 1,000. Maana yake ardhi iliyokuwa imefunikwa imefunguka, na vilivyolala humo vinaamka.

Mtu wa karyeri, na PDG mwenye shimo kadhalika, atasema anatafuta ada ya shule, na anasema kweli. Mimi sina barabara ya kumpa wala bei ya kakao. Ninachoweza kumwambia ni kwamba asichome zebaki ndani ya nyumba, na mama mjamzito asikae karibu. Na samaki wale, kwa anayekaa chini ya karyeri, wachaguliwe: mboto, ambaye hula zaidi mimea, hana wasiwasi mkubwa, mbenga na mongusu wakubwa, wanaokula samaki wenzao, mama mjamzito na mtoto mdogo wapunguziwe. Ni mashauri ya jumla, kwa sababu ya Lindi na Ituri kwa undani yangetaka samaki wapimwe mmoja mmoja, kijito kwa kijito.

Na kupima huko kungepaswa kuanza kabla. Jambo hili nataka lisikike kwa wakubwa wa sekta na wa teritwari. Mashine ikishashuka mtoni, ukichota maji utapata namba, lakini huna cha kuilinganisha nayo. Mwenye mashine atakwambia mto ulikuwa hivyo tangu zamani, nawe huna la kujibu. Chota leo, kijito kingali cheusi. Andika pH, andika jinsi fimbo inavyoonekana chini ya maji, andika kimo kwenye mti uliotiwa alama kando ya daraja, kila Jumamosi, mwalimu mmoja na wanafunzi wake. Na mradi wa pampu ukija, kamati idai karatasi mbili zibaki kijijini, moja ya vipimo vya maji na nyingine inayosema mabomba ni ya nini. Wachimbaji wa visima kwa kawaida huandika karatasi hizo. Huondoka nazo kwenda Kisangani, nyingine Kinshasa, nyingine hufika hadi Ulaya, na kijiji kinabaki na mpini wa pampu.

Muda wangu unaisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Neno moja kwa wasikilizaji wa Bomili na wa njia ya Opienge: kama yupo aliyemwona yule kanu mwekundu asiye na madoa, kando ya kijito, basi afike hapa studio au atume mtu, atuambie ni kijito gani, mwezi gani, na maji yalikuwa rangi gani. Asituletee ngozi. Kalamu ipo, na daftari tumeshalinunua.